Kuwatumikia Vijana wa Kanisa Ukiwa Ugenini: Mwongozo Kamili Tangu Kujiandaa Hadi Kukabidhi

Kijana wa miaka 14 anapomzoea kiongozi wake, hamuulizi viza yake inaisha lini. Anamsimulia mambo ya nyumbani, anamwomba amwombee, anaanza kufika kanisani mapema ili wazungumze kabla ya ibada, kisha siku moja anasikia katika matangazo kwamba kiongozi huyo anarudi kwao wiki ijayo. Nimewaona vijana walioagana na viongozi watatu ndani ya miaka mitano. Wa nne aliwakuta wana adabu, wanaitikia salamu, na hawamwambii neno.

Kwa hiyo mwongozo huu umeandikwa kwa swali moja ambalo ningependa ujiulize katika kila hatua: je, ninachokianzisha kitasimama siku nitakapoondoka? Swali hilo linamhusu mmishenari aliyetumwa rasmi, mwanafunzi aliyeombwa kusaidia shule ya Jumapili, na mfanyakazi mhamiaji ambaye kanisa limemtambua kuwa na karama ya kulea vijana.

Hatua ya kwanza: hakikisha umetumwa

Kanisa la Antiokia lilipowawekea mikono Barnaba na Sauli (Matendo 13:1–3), liliwatuma watu ambao tayari lilikuwa limewaona wakifanya kazi, kwa maana walikuwa wamekwisha kufundisha hapo mwaka mzima (Matendo 11:26). Utaratibu huo haujapitwa na wakati. Asiyewahi kulea kundi la vijana kwao, chini ya mtu anayemsahihisha, hatajifunza kazi hiyo vizuri mahali ambapo hajui lugha na hakuna anayemfahamu. Ningeshauri uwe umehudumu angalau mwaka mmoja mfululizo, katika majukumu ya kila wiki yasiyo na sifa: kuandaa viti, kuwafuatilia waliokosa kuja, kuketi na kijana aliyefiwa.

Mwendee mchungaji wako na watu wawili waliokuona ukifanya kazi, uwaulize mambo matatu na kuandika majibu yao. Ni kazi gani wamekuona ukiianza na kuimaliza? Ni tabia gani uliyonayo ambayo inaweza kuwaumiza vijana utakapokuwa mahali pasipo mtu wa kukukemea? Nani atakuwa na haki ya kukuambia urudi? Swali la tatu ndilo linalorukwa mara nyingi, nalo ndilo linalowaokoa wengi.

Ikiwa tayari uko ng'ambo kwa masomo au kazi, hukutumwa kwa ajili ya huduma, lakini unaweza kutambulishwa. Apolo alipotaka kwenda Akaya, ndugu waliwaandikia wanafunzi wa huko wamkaribishe (Matendo 18:27). Omba barua ya utambulisho kutoka kanisa lako la nyumbani, inayoeleza umekuwa mshirika tangu lini, umehudumu wapi, na kama kuna jambo lolote ambalo wenyeji wako wanapaswa kulijua. Wala usidhani kwamba ajira ya kawaida inapunguza thamani ya huduma yako. George Williams, aliyeanzisha YMCA, chama cha Kikristo cha vijana, mjini London mwezi Juni 1844, alikuwa kijana wa miaka 22 aliyetoka shambani na kuajiriwa katika duka la vitambaa, na kikao cha kwanza alikifanya na wafanyakazi wenzake. Alihudumia vijana waliohamia mjini kwa sababu naye alikuwa mmoja wao.

Hatua ya pili: pata kanisa mwenyeji kabla ya kupanga shughuli

Huduma ya vijana isiyo na kanisa nyuma yake hufa pamoja na kuondoka kwa mwanzilishi. Ugenini utakutana na makanisa ya aina tatu, na kila moja lina vijana wenye hitaji tofauti. Katika kanisa la wenyeji, wewe ndiwe mgeni na vijana wako nyumbani. Kazi yako ni kuongeza nguvu pale walipo viongozi wao. Katika kanisa la wahamiaji, wazazi wanaabudu kwa lugha waliyokuja nayo huku watoto wakiota ndoto kwa lugha ya shuleni. Katika kanisa la kimataifa, vijana wengi wanahamahama na wazazi wao, na unaweza kumlea mtu kwa miezi kumi tu kabla hajapelekwa bara lingine. Chagua ukijua unachokichagua.

Mkishakubaliana, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja. Yataje jina la msimamizi wako na siku mtakayokutana naye kila mwezi. Majukumu yako na yale ambayo si yako. Muda wa utumishi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Siku yako ya mapumziko katika juma. Nani anagharimia nauli, vifaa na kambi. Na mgogoro ukitokea utapelekwa kwa nani. Wapo wanaoona kwamba kuandikiana hivi ni kukosa imani. Mimi nimeona urafiki wa kiroho ukivunjika kwa sababu mmoja alidhani amekuja kumsaidia mlezi wa vijana na mwenzake akadhani amekuja kuchukua nafasi yake. Ukurasa mmoja ungewaepusha na maumivu ya mwaka mzima.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyo, hata hivyo, anabaki kuwa mgeni: hapangi upya samani za nyumba siku aliyofika. Wakati wa kukubaliana, uliza ni nani aliyewahudumia vijana hawa kabla yako, aliondoka vipi, na kama yupo bado, nenda ukamsalimu na kumsikiliza kabla hujafungua kipindi chako cha kwanza.

Hatua ya tatu: kaa kihalali

Katika nchi nyingi, kufundisha kanisani kwa ratiba maalumu huhesabiwa kuwa kazi hata kama hulipwi, na viza ya matembezi hairuhusu kazi. Marekani ina viza ya R-1 kwa watumishi wa dini: kanisa linaloalika ndilo linalowasilisha maombi, mwombaji awe mshirika wa dhehebu hilo kwa angalau miaka miwili iliyotangulia, kazi iwe wastani wa saa 20 kwa wiki au zaidi, na muda wa kwanza hauzidi miezi 30, wala jumla haizidi miaka mitano. Uingereza ina viza ya muda ya mtumishi wa dini inayofikia miezi 24, na kanisa linalokupokea lazima liwe na leseni ya udhamini. Katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ulizokaa katika nchi zote za eneo hilo zinahesabiwa pamoja.

Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya idara ya uhamiaji ya nchi husika mwenyewe, wala usitegemee maelezo ya rafiki aliyepita huko miaka ya nyuma. Mwanafunzi au mfanyakazi anayejitolea kanisani asome masharti ya kibali chake, hasa kuhusu kujitolea na idadi ya saa. Na katika fomu, sema kweli. Kiongozi anayewafundisha vijana uaminifu huku amejiandika kuwa mtalii amewapa somo ambalo hakukusudia kulitoa.

Angalia pia sheria inasema nini kuhusu watoto na dini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na kifungu chake cha 14 kinatambua uhuru wake wa dini pamoja na haki ya wazazi kumwongoza. Lakini utekelezaji unatofautiana sana. Nchini Tajikistan, kwa mfano, sheria ya mwaka 2011 inawazuia walio chini ya miaka 18 kushiriki shughuli za kidini za hadhara isipokuwa mazishi. Mahali kama hapo, bidii isiyo na maarifa inawaweka wazazi na kanisa mwenyeji hatarini, wakati wewe una tiketi ya kurudi kwenu. Hata pale ambapo sheria ni nyepesi, kijana kutoka nyumba ya imani nyingine asiingizwe katika mafundisho bila wazazi kujua. Watembelee, wajue jina lako na uso wako, waelewe mnachofanya.

Hatua ya nne: ulinzi wa watoto, bila mkato

Hapa ningeomba usome polepole. Mtu mwenye nia mbaya kwa watoto hupenda kuhama, kwa sababu ugenini hakuna anayejua historia yake, na kanisa lenye uhaba wa watumishi humpokea haraka. Njia pekee ya mtumishi mwema kujitofautisha naye ni kuyakubali masharti yote kwa hiari, hata kabla hajaulizwa.

Kabla ya kuondoka, chukua cheti cha polisi cha tabia njema kutoka nchi yako na kutoka kila nchi uliyoishi kwa muda. England na Wales hutumia ukaguzi wa rekodi za jinai uitwao DBS, Australia ina kibali maalumu cha kufanya kazi na watoto kinachotolewa na kila jimbo, na Ujerumani ina cheti cha polisi cha aina ya kina kwa wanaohudumia watoto. Ukaguzi wa aina ya DBS hauoni makosa yaliyofanyika katika nchi nyingine, na ndiyo maana kile cheti cha nyumbani kinahitajika. Ukikuta kanisa mwenyeji halina sera ya maandishi ya ulinzi wa watoto, usianze kipindi chochote mpaka iwepo, hata kama itakuchukua mwezi mzima kuiandika pamoja nao.

Katika kazi ya kila wiki, shika haya. Watu wazima wawe wawili daima, na wasiwe mke na mume peke yao. Mazungumzo ya faragha na kijana yafanyike mahali ambapo mnaonekana ingawa hamsikiki: benchi la nje, chumba chenye mlango wa kioo, kona ya ukumbi wakati wengine wakipanga viti. Usimpeleke kijana mmoja nyumbani peke yenu ndani ya gari. Ikilazimika, mzazi na msimamizi waarifiwe kwanza. Ujumbe wa simu uende katika kundi ambalo mzazi au kiongozi mwingine yumo, na saa za usiku simu inyamaze. Kijana akikuandikia saa sita za usiku kwamba hataki kuishi, hapo usinyamaze: mjibu, mpigie, mpigie mzazi au mlezi wake na namba ya dharura ya nchi hiyo, ambayo unapaswa kuwa umeikariri tangu siku ya kwanza, kisha mwarifu msimamizi wako.

Siku moja kijana atakuambia kwamba anaumizwa na mtu. Nakuomba ujiandae kwa siku hiyo kabla haijafika. Msikilize bila kuonyesha mshtuko. Usimwahidi siri, maana hutaweza kuitunza. Mwambie kwamba utawaeleza wale tu ambao kazi yao ni kumlinda. Usimhoji kama askari, wala usimweke uso kwa uso na anayetajwa. Akimaliza, mwambie kwamba amefanya vema kusema na kwamba kosa si lake. Kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa, umpe mhusika wa ulinzi wa watoto siku hiyohiyo, na fuateni sheria ya nchi kuhusu kuripoti. Kusamehe kunafundishwa kanisani, lakini kusamehe hakufuti wajibu wa kuripoti, na kiongozi mgeni anayeambiwa kwamba jambo hilo humalizwa kifamilia anapaswa kusimama imara bila kupandisha sauti.

Jambo la mwisho hapa ni picha na barua za maombi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, inaihesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti yenye ulinzi wa pekee. Ukiandika kwa wachangiaji wako kwamba kijana fulani, jina lake na picha yake ikiwepo, ameokoka akitoka katika imani ya wazazi wake, umeitangaza siri yake kwa watu usiowajua, na kesho barua hiyo iko mtandaoni. Andika "msichana mmoja wa kidato cha tatu" na uache hapo. Mungu anamjua jina.

Hatua ya tano: fedha na bima

Sitakaa sana hapa. Piga hesabu ya mwaka mzima: kodi ya nyumba, chakula, nauli, bima ya afya, ada za kibali, na akiba ya nauli ya kurudi ambayo haiguswi kwa sababu nyingine yoyote. Fedha za wachangiaji zipitie kanisa linalotuma na mweka hazina wake, ili pasiwe na mchango unaoingia katika akaunti yako binafsi bila stakabadhi. Ukifanya kazi ya mikono kama Paulo pamoja na Akila na Priskila kule Korintho (Matendo 18:1–3), pangilia saa zako kwa uaminifu, maana mwajiri naye ana haki yake. Usiwakopeshe vijana wala kukopa kwa wazazi wao. Na usiwe mfadhili wa kila kitu: kambi inayolipiwa yote na marafiki zako wa mbali haitafanyika mwaka utakaokuwa umeondoka.

Hatua ya sita: miezi mitatu ya kusikiliza

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza mwaka 1960 jinsi mtu anavyoupokea utamaduni mgeni: mwanzo kila kitu kinampendeza, baadaye kila kitu kinamkera, kisha anaanza kuelewa, na mwisho anazoea. Nalitaja kwa sababu viongozi wengi wa vijana hufanya maamuzi makubwa katika vipindi viwili vya kwanza. Wakiwa katika furaha wanaahidi wasiyoyaweza. Wakiwa katika kero wanawahukumu vijana kwamba hawana heshima au hawana moyo wa ibada, kumbe hawajaelewa heshima inaonyeshwaje hapo. Kuna mahali kijana kumtazama mkubwa machoni ni utovu wa adabu, na mahali pengine kutomtazama ndiko kunakotiliwa shaka. Kuna mahali ukimya baada ya swali ni dalili ya kufikiri.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza, usianzishe kitu. Hudhuria. Jifunze majina yote, na uyatamke kama wenyewe wanavyoyatamka, hata kama itakubidi uulize mara nne. Andika katika daftari: nani anaketi na nani, nani anaondoka kabla ya mwisho, nani wengine wanamtazama kabla ya kucheka. Uliza wazee wa kanisa vijana wa zamani walilelewaje, na uulize vijana wenyewe wangependa watu wazima waache kufanya nini.

Jifunze lugha kwa bidii, hata pale unapoweza kueleweka kwa lugha nyingine. Kijana huomba toba na kulia kwa lugha ya mama yake. Nami nilichelewa kuelewa kwamba kosa la lugha linaweza kuwa mlango. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akibaki nyuma kila baada ya kipindi kupanga viti, kimya kabisa. Wiki saba sikupata neno kwake zaidi ya salamu. Jioni moja nilimwomba anipokee kiti nikatumia neno lisilo lake, akacheka kwa mara ya kwanza, akanisahihisha, akanirudisha tena na tena mpaka nikalitamka sawasawa. Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu wa maneno matano kila wiki, na ni katika somo la neno "baba" ndipo aliponiambia kwamba wa kwake aliondoka. Kama ningekuja na programu kubwa kutoka siku ya kwanza, viti vile vingepangwa na timu, na yeye angekwenda nyumbani mapema.

Hatua ya saba: anza na kidogo kinachorudiwa

Baada ya kusikiliza, anza na jambo moja la kila wiki ambalo halitakosekana, mvua iwepo au isiwepo. Kikundi cha vijana sita hadi kumi wanaosoma Biblia pamoja kinatosha. Injili ya Marko ina sura 16, nayo ni nyepesi kwa wenye lugha tofauti kwa sababu ina matendo mengi na hotuba chache. Someni kifungu kwa sauti, mara mbili, ikiwezekana katika lugha mbili. Kisha waulize: kuna nini hapa kinachokushangaza? Kinatuonyesha nini kuhusu Yesu? Kuna jambo gani hapa ambalo ni gumu kulifanya shuleni au nyumbani kwenu? Acha ukimya ufanye kazi yake. Ukijibu swali lako mwenyewe baada ya sekunde tatu, umewafundisha kwamba wakingoja utawajibia.

Mifano yako isitoke kwenu peke yake. Mhubiri anayesema kila mara "kwetu sisi hufanya hivi" anawaambia vijana, bila kukusudia, kwamba Injili ni mali ya nchi yake. Waombe wao walete mfano, na ukubali kwamba wakati mwingine mfano wao unafafanua Maandiko vizuri kuliko wako.

Ikiwa umo katika kanisa la wahamiaji, kazi hii ina uzito wa pekee. Mtoto anayejifunza lugha ya nchi upesi huwa mkalimani wa wazazi wake hospitalini, benki na katika ofisi za serikali. Anajua madeni ya nyumba na majibu ya vipimo vya mama yake akiwa na umri wa miaka 12. Jumapili anaambiwa aketi na watoto na asiseme mbele ya wakubwa. Mgongano huo humchosha, na wengi wao hawaachi imani kwa ubishi wa kielimu. Huondoka taratibu kwa sababu kanisani hakuna anayeelewa maisha yao ya siku sita nyingine. Timotheo alikuwa na mama Myahudi mwamini na baba Myunani (Matendo 16:1), na Paulo alimwona kuwa wa kufaa kabisa kwa kazi iliyovuka makabila. Wafundishe vijana wako habari hiyo kwa kina.

Wewe, kama mgeni, una nafasi ya kuwa daraja. Zungumza na wazazi juu ya kuwa na sehemu ya ibada katika lugha ambayo watoto wanaielewa, na zungumza na vijana juu ya gharama ambayo wazazi wao walilipa kufika hapo. Kikao kimoja ambapo mzazi anasimulia safari yake na mwanawe anatafsiri kwa wenzake, mbele ya wote, kinaweza kufanya kazi ambayo mahubiri kumi hayakufanya. Lakini omba ridhaa kwanza, kwa sababu kuna safari ambazo mtu hapendi watoto wake wazisikie.

Kwa vijana wa makanisa ya kimataifa, maneno ya mwanasosholojia Ruth Hill Useem yanasaidia. Akichunguza familia za Wamarekani waliokuwa wakiishi India katika miaka ya 1950, aliwaita watoto hao watoto wa utamaduni wa tatu, yaani wasio wa kwao kabisa wala wa ugenini kabisa. Swali linalowachoma zaidi ni lile jepesi la "wewe unatoka wapi?" Usilifanye kuwa swali la kwanza. Waulize ni mahali gani wanapopakumbuka zaidi.

Hatua ya nane: andaa watakaobaki

Tangu mwezi wa nne, mtafute mwenyeji mmoja au wawili wa kulea kazi pamoja nawe. Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine (2 Timotheo 2:2). Kwa vitendo ina maana hii: mwezi wa kwanza anakutazama, miezi miwili inayofuata anaongoza sehemu, kisha anaongoza kipindi chote nawe ukiwa umeketi nyuma, na mwisho anaongoza wewe ukiwa hupo kabisa. Hatua ya kuketi nyuma ndiyo ngumu kuliko zote. Ataongoza kwa namna yake, atasahau jambo ulilolipenda, na vijana watakugeukia wakutazame. Tazama chini. Wakati wa kumsahihisha upo, faraghani, baada ya siku mbili.

Usimchague kwa sababu anaongea lugha yako au anakusifu. Mchague ambaye vijana humtafuta wakati wewe hujaitwa.

Katika kipindi hiki wewe mwenyewe unahitaji kulelewa. Upweke wa ugenini ni mkali, na mtumishi mpweke huanza kuwatumia vijana kuwa marafiki wake wa karibu, kuwaeleza shida zake, kutaka wamhitaji. Ndipo mipaka inapoporomoka. Pata rafiki wa rika lako katika kanisa mwenyeji, na mtu mmoja wa nyumbani mnayezungumza kila wiki kwa siku na saa iliyopangwa, mwenye ruhusa ya kukuuliza kuhusu sala zako, simu yako, fedha zako na hasira zako. Siku ya mapumziko iheshimu. Ukiwa hujaoa au kuolewa, weka wazi kwa uongozi tangu mwanzo kwamba hutaanzisha uchumba na yeyote aliye chini ya malezi yako, hata kama ametimiza umri wa mtu mzima.

Hatua ya tisa: ondoka vizuri

Paulo alikaa Efeso miaka mitatu (Matendo 20:31), na alipokuwa akiliacha eneo lile kwa mara ya mwisho aliwaita wazee wa kanisa la Efeso waje Mileto, akawaambia wazi kwamba hawatamwona tena. Walilia, wakambusu, wakamsindikiza merikebuni. Hakuwaficha ili kuwaepusha na machozi.

Waambie vijana miezi mitatu kabla, uso kwa uso, kabla hawajasikia kwa wengine. Anza na wale waliokuegemea zaidi, mmoja mmoja, na uwaruhusu kukasirika. Usiseme kwamba utarudi kama hujui utarudi. Jumapili kadhaa kabla ya mwisho, kiongozi mpya atambulishwe mbele ya kanisa lote, aombewe, na umkabidhi kwa mkono wako ufunguo wa chumba, orodha ya majina na namba za wazazi, pamoja na daftari la mahudhurio. Kumbukumbu za ulinzi wa watoto zibaki kwa mhusika wake, usizibebe. Vipindi vilivyosalia hudhuria kama mshirika wa kawaida.

Kisha rudi ulikotumwa na utoe taarifa, kama Paulo na Barnaba walivyowakusanya watu wa Antiokia na kuwaeleza (Matendo 14:26–28), ukieleza pia yaliyoshindikana. Toka katika makundi ya simu ya vijana ndani ya mwezi mmoja, ukiwaeleza kwa nini. Kijana akikutafuta kwa jambo zito, mjibu kwa upendo, mwulize kama amekwisha kumwambia kiongozi wake, na kama bado, mpigie huyo kiongozi siku hiyohiyo ili amfikie kabla ya jioni.